MAONI YETU: Macho yapimwe kabla ya karo

Tuchukulie kijana mmoja, wa Nairobi au wa Dar es Salaam, si kitu. Amemaliza sekondari, hesabu na fizikia amefaulu vizuri, na tangu utotoni hana neno jingine ila ndege. Baba ameuza kiwanja, shangazi ameongezea, karo ya mwanzo ya chuo cha urubani imelipwa. Ameshapanda ndege ndogo na mwalimu mara kadhaa. Sasa anatumwa kwa daktari wa usafiri wa anga akachukue cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha rubani wa biashara. Moyo mzima, masikio mazima, herufi za ukutani anazisoma hadi mstari wa chini. Daktari anafungua kitabu kidogo chenye kurasa za madoadoa ya rangi. Ukurasa wa kwanza kijana anasema kumi na mbili. Sawa, huo kila mtu huuona. Wa pili anasema tatu. Daktari hasemi kitu, anaandika tu. Wenye macho ya kawaida huona nane pale.

Kijana huyu tumemtunga. Kitabu ni cha kweli, na nane inayogeuka tatu ni ya kweli vilevile.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kipimo cha rangi kwa marubani kibaki. Wanaotaka kifutwe hawajatushawishi. Lakini kupima mtu baada ya kumla fedha ni dhuluma, na kumfungia mlango kwa kitabu peke yake, bila kumpeleka kwenye kipimo cha pili ambacho kanuni za kimataifa zenyewe zinakiruhusu, ni uvivu. Mambo hayo mawili yanarekebishika bila kumhatarisha abiria hata mmoja.

Kwanza, watu huuliza: inawezekanaje mtu afike miaka 20 bila kujua kwamba hatofautishi nyekundu na kijani? Inawezekana sana, na Kiswahili chenyewe humsaidia kujificha. Angalia majina yetu ya rangi. Kijani ni rangi ya majani. Kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, zambarau ni tunda, chungwa ni chungwa, manjano ni ile bizari ya kutia kwenye mchuzi. Ukitoa nyekundu, nyeupe na nyeusi, karibu kila rangi tumeiazima kutoka kwenye kitu. Mtoto ameambiwa jani ni kijani, basi maisha yake yote ataliita jani kijani, na atapata vema. Udongo atauita kahawia, kwa kuwa ni udongo. Mwalimu haoni kosa, kwa sababu kosa halipo kwenye jina. Siku anapoulizwa rangi ya kitu ambacho hakina kitu kingine nyuma yake, taa tupu gizani kwa mfano, hapo ndipo ujanja unapokwisha.

Pengine mama aliwahi kumwona akichora nyasi kwa penseli ya kahawia, akacheka, yakaisha.

Na kama ni mama, afadhali angewauliza kaka zake. Kasoro ya kawaida ya nyekundu na kijani huenda na kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na hitilafu, hana ya akiba. Mwanamke anazo mbili, kwa hiyo mara nyingi huibeba bila kuiona. Baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume kasoro hii. Huipitisha kwa binti, na binti humpa mjukuu. Ndiyo maana kijana anayetaka urubani angeanza kwa kumchunguza mjomba na babu mzaa mama. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini kasoro hii huwapata takriban wanaume 8 katika kila 100, na mwanamke 1 hivi katika kila 200. Kwa Waafrika huwa chini ya hapo, ila si kidogo kiasi cha kupuuzwa.

Neno lenyewe, upofu wa rangi, linapotosha. Walio wengi si vipofu wa rangi yoyote. Wanaziona rangi tele, ila nyekundu, kijani, kahawia na machungwa zinakaribiana kwao kuliko zinavyokaribiana kwetu. Wengine nyekundu yao imefifia, taa nyekundu ya mbali ikaonekana hafifu kama kaa linalozimika. Wengine hitilafu iko upande wa kijani, na hao ndio wengi zaidi. Tena kuna kiasi: yupo aliyepungukiwa kidogo tu, na yupo ambaye hana kabisa. Kitabu cha madoadoa ni hodari wa kusema kasoro ipo. Kusema ni kubwa kiasi gani, au kwamba mtu huyu ataweza au hataweza kazi fulani, hakiwezi, wala hakikuandikwa kwa ajili hiyo.

Kazi yenyewe inadai nini? Hapa wasemaji wengi huorodhesha kila kitu chenye rangi kwenye ndege mpaka msikilizaji achoke. Taa ya bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani, desturi iliyotoka kwenye meli. Nahodha yeyote wa Mombasa au Zanzibar anaijua. Kingo za njia ya kupitia ndege ardhini zina taa za buluu, mstari wa katikati kijani. Mnara wa kuongozea ndege una taa ya mkononi ya kuashiria redio inapokufa: kijani kisichokatika, tua, nyekundu isiyokatika, wapishe wengine uendelee kuzunguka. Rada ya hali ya hewa ina kijani, manjano na nyekundu. Yote hayo kweli, lakini mengi yana msaada wa pembeni. Taa ina mahali pake, onyo lina maandishi na sauti, na redio zikifa zote hapo una shida kubwa kuliko rangi.

Kitu kimoja hakina msaada huo kwa urahisi, nacho ni taa nne za mteremko, zile marubani wanazoziita PAPI. Ziko kando ya njia ya kutulia, aghalabu upande wa kushoto, zimepangwa mstari mmoja. Ukija kwa mteremko sahihi unaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Nyekundu zikizidi, uko chini. Zikiwa nne zote nyekundu, uko chini mno na ardhi inakusogelea. Taa za barabarani zimemzoesha dereva kwamba nyekundu iko juu, hivyo hata asipoiona rangi huisoma nafasi. PAPI haina juu wala chini. Ni nukta nne za mwanga, mbali, usiku, na ujumbe wote umo ndani ya rangi. Ongeza vumbi au ukungu, nyeupe inageuka njano njano. Ukitaka kujua kipimo cha rangi kwa rubani kinapima nini hasa, anza na nukta hizo nne.

Tarehe 26 Julai 2002, alfajiri bado giza, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya Boeing 727, safari namba 1478 kutoka Memphis, ilikuwa inakuja kutua Tallahassee, jimbo la Florida. Aliyekuwa anairusha ni rubani msaidizi. Ilikuja chini mno, ikakata miti kabla ya kufika njia ya kutulia, ikaanguka na kuungua. Watu watatu waliokuwemo, wote wafanyakazi wa ndege, waliumia vibaya lakini walitoka hai. PAPI ilikuwa inafanya kazi. Kwa muda wa kutosha kabla ya kugonga miti ilikuwa imeonyesha nyekundu.

Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilichunguza, na mwaka 2004 ikatoa ripoti. Chanzo, ilisema, ni kapteni na msaidizi wake kushindwa kuushika mteremko sahihi katika kutua kwa kutumia macho usiku. Yaliyochangia ni manne: uchovu wa kapteni na msaidizi, wawili hao kutofuata taratibu za kampuni, kapteni na mhandisi wa ndege kushindwa kufuatilia mteremko, na kasoro ya rangi ya rubani msaidizi. Huyu alikuwa rubani wa zamani wa jeshi la majini. Kasoro yake ilijulikana. Alikuwa na ruhusa maalumu ya kuruka nayo. Baada ya ajali alipimwa kwa kina ikaonekana ni kubwa, upande wa kijani, kiasi cha kumfanya ashindwe kutofautisha nyeupe na nyekundu za PAPI kama itakiwavyo.

Ajali hii husimuliwa na pande mbili, kila upande ukikata kipande chake. Wanaotaka kipimo kikali husema: mnaona, alipewa msamaha, na ndege ikaanguka. Wanaotaka kipimo kifutwe husema: kulikuwa na wawili wengine chumba cha rubani, kapteni na mhandisi wa ndege, rangi zao nzima, nao hawakumwambia yuko chini. Kila upande una ukweli, na kila upande unaruka ukweli wa mwenzake. Kwa maoni yetu funzo la Tallahassee haliko kwa msaidizi wala kwa kapteni. Liko kwenye ile ruhusa. Kuna mahali ofisi ilimpima mtu huyu, ikaridhika, ikatia saini, na kipimo kilichotumika hakikuwa kimeuliza swali la PAPI. Kipimo legevu kilimpitisha mtu mwenye kasoro kubwa. Na siku hiyohiyo, mahali pengine, kitabu cha madoadoa kingeweza kumkataa mtu mwenye kasoro ndogo ambaye PAPI anaisoma bila taabu. Mfumo unaokosea pande zote mbili kwa wakati mmoja huwezi kuutetea kwa jina la usalama.

Bodi iliitaka mamlaka ya anga ya Marekani ichunguze vipimo vyake na kupanga vya kuaminika. Utekelezaji kamili ulichukua miaka ishirini. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mwombaji mpya wa cheti cha afya cha rubani Marekani anapimwa rangi kwa kompyuta, si kwa kitabu. Waliokuwa na vyeti hawakulazimishwa kuanza upya. Asiyefaulu hupewa kikomo cha kuruka mchana tu, kwa kuona. Miaka ishirini ni mingi, lakini wamefika.

Kitabu nacho tukitendee haki. Kilitungwa Tokyo na daktari wa macho Shinobu Ishihara, kikatoka mwaka 1917, na mpaka leo hakijapata mpinzani kwa urahisi wake. Akili yake ni kwamba hakiulizi jina la rangi. Kinauliza namba, kwa hiyo yale majina yetu ya jani na kahawa hayamwokoi mtu. Kina hata kurasa za mistari ya kufuata kwa kidole kwa asiyejua kusoma namba. Lakini kina masharti ambayo kliniki nyingi duniani huyapuuza. Kisomwe kwenye mwanga mweupe unaofanana na wa mchana, kwa umbali wa sentimita 75 hivi, na kila ukurasa upewe sekunde tatu. Balbu ya manjano humsaidia mwenye kasoro bila yeye kuomba. Kurasa zikiachwa juani hufifia. Na picha zake zimejaa kwenye intaneti, hivyo mwenye bidii anaweza kukariri kitabu kizima kama shairi. Ulaya sheria inataka kurasa ziulizwe bila mpangilio, na kumi na tano za kwanza zijibiwe bila kosa hata moja.

Hofu ya rangi katika usafiri ilianzia kwenye reli. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu tisa wakafa. Profesa Frithiof Holmgren wa Uppsala alishuku kwamba kuna mtu hakuiona rangi ya taa sawasawa. Alipima wafanyakazi 266 wa reli kwa nyuzi za sufi za rangi mbalimbali, akawakuta 13 wana kasoro. Toka hapo upimaji ukaenea. Watafiti wa siku hizi wamerudi kwenye kumbukumbu za ajali ile wakatilia shaka kama rangi ndiyo iliyoisababisha. Yaani sheria inayowapima mamilioni ilianza kwa dhana ambayo huenda haikuwa sahihi, lakini ikafichua tatizo lililokuwepo. Mambo ya dunia mara nyingi huenda hivyo.

Sasa kanuni inasemaje? Kenya, Tanzania, Uganda na wenzao ni wanachama wa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na leseni zao hufuata Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho hicho hakisemi mwombaji lazima ayaone madoadoa. Kinamtaka aweze kuzitambua bila kusita rangi ambazo usalama wa kazi yake unazitegemea. Apimwe kwa kurasa za aina hiyo, kwenye mwanga wa mchana au unaofanana nao. Akishindwa, bado atahesabiwa anafaa iwapo ataweza kutofautisha kwa urahisi rangi zinazotumika katika uongozaji wa ndege na kuzitambua kwa usahihi taa za rangi za usafiri wa anga. Akishindwa na hapo pia, hafai, isipokuwa kwa cheti cha daraja la pili, cha rubani wa binafsi, tena mchana tu.

Soma tena sentensi isemayo 'bado atahesabiwa anafaa'. Mlango wa pili umo ndani ya sheria, si upendeleo wa kuombwa kwa goti. Anayemwambia kijana aliyesoma tatu badala ya nane kwamba safari yake imeishia hapo hajamaliza kusoma kanuni.

Mlango huo unaweza kuwa wa namna nyingi. Zipo taa za majaribio, mashine ndogo inayoonyesha nukta za mwanga wa rangi kwenye chumba chenye giza. Kipo kifaa cha Nagel, ambamo mtu anachanganya nyekundu na kijani mpaka apate njano inayolingana na ya upande wa pili. Na kipo kipimo cha CAD, kilichotengenezwa na Profesa John Barbur na wenzake katika chuo kikuu cha City, London. Mwombaji anakaa mbele ya kioo cha kompyuta kilichojaa miraba ya kijivu inayometameta. Kipande cha rangi kinapita katikati, naye anabonyeza kitufe kuonyesha kilielekea pembe ipi. Hapo hakuna namba ya kukariri. Rangi inapunguzwa mpaka asiione tena, na matokeo yanatoka kwa tarakimu: kasoro ni ya upande gani, na kubwa kiasi gani.

Cha maana zaidi, watafiti hao, wakishirikiana na mamlaka ya anga ya Uingereza, waliunganisha tarakimu hizo na PAPI. Waliwapima watu kwa kompyuta, kisha kwa taa za mfano za mteremko, wakatafuta mahali ambapo mwenye kasoro anaanza kushindwa na mwenye macho ya kawaida. Ripoti ilitoka mwaka 2009, ikaweka mpaka: vizio 6 kwa mwenye hitilafu ya kijani, 12 kwa mwenye hitilafu ya nyekundu, ilhali macho ya kawaida ni kizio 1 hivi. Kwa mpaka huo, walikadiria, asilimia 35 ya wale wenye kasoro wangeonekana salama kurusha ndege. Zaidi ya mmoja katika kila watatu. Ulaya imeuingiza mpaka huo katika kanuni zake. Hao ndio watu ambao kitabu peke yake kingewarudisha nyumbani.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Australia ina daktari aliyekuwa pia rubani, Arthur Pape wa Geelong, mwenye kasoro mwenyewe, aliyeipeleka serikali mbele ya baraza la rufaa mwishoni mwa miaka ya 1980. Alishinda haki yake ya kuruka usiku mwaka 1987, na kesi nyingine iliyofuata mwaka 1989, ya Denison, ikafungua njia kwa wengi. Tangu hapo marubani wengi wenye kasoro wamepata leseni za biashara nchini humo, na hoja yao ni rahisi: tumeruka miaka yote hii, tuonyesheni maiti. Mwaka 2020 mamlaka ya Australia ilianzisha pia upimaji wa vitendo, mtu akiwa ndani ya ndege, akiulizwa anachokiona na anachokifanya.

Hoja ya Pape ina uzito, na tungependa kuikubali yote. Kinachotuzuia ni kwamba ajali ya ndege ni nadra, na kutokea kwake huhitaji mambo kadhaa yakutane usiku mmoja: uchovu, giza la msitu, mazoea, na macho. Kutokuwepo kwa maiti miaka thelathini kunathibitisha kwamba kuna kinga nyingine zinazofanya kazi. Hakuthibitishi kwamba kinga hii haina kazi. Tunakubali kupimwa kwa vitendo kwa yule aliye karibu na mpaka. Aliye mbali na mpaka, kama yule wa Tallahassee, hapana.

Kuna swali la hapa kwetu ambalo huulizwa na walimu wa urubani wa uwanja wa Wilson, Nairobi, na wamiliki wa ndege ndogo, na ni la haki. Rubani anayepeleka watalii Seronera au Maasai Mara anatua mchana kwenye kiwanja cha changarawe ambacho hakina taa hata moja. PAPI haioni mwaka mzima. Kwa nini asipewe leseni ya biashara ya mchana tu? Jibu letu limo kwenye saa. Karibu na ikweta jua likizama, giza halichelewi. Abiria wamechelewa kuja kiwanjani, twiga amekaa katikati ya njia, mvua imekatisha safari, na ndege iliyopangwa kufika saa kumi na moja inafika saa kumi na mbili na robo. Rubani wa binafsi anaweza kusema leo siendi. Wa biashara ana bosi, ana abiria wenye ndege ya kuunganisha usiku huohuo, na kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi mfukoni mwake kitasukumwa. Tusimweke mtu mahali hapo.

Mambo mawili madogo kabla ya kufika tunakotaka. Miwani na lenzi za rangi zinazouzwa kwa ahadi ya kumwonyesha mwenye kasoro dunia mpya hazitibu kitu, na hazikubaliki kwenye kipimo cha rubani. Zinafanya rangi mbili zitofautiane kwa kuiba mwanga mahali fulani. Usiku mwanga huo unauhitaji. Mzazi asizinunue kwa matumaini ya cheti.

La pili ni la wale waliokwisha kupasi. Rangi zinaweza kupotea ukubwani. Kisukari huweza kuziharibu, magonjwa ya mshipa wa macho vilevile, na hapa kwetu ipo ethambutol, moja ya dawa nne za mwanzo za kifua kikuu. Kwa wagonjwa wachache hudhuru mshipa wa jicho, na dalili ya mapema mara nyingi ni nyekundu na kijani kupungua nguvu. Rubani anayetibiwa kifua kikuu hapaswi kurudi chumba cha rubani kwa sababu kikohozi kimekoma tu. Apimwe rangi, kila jicho peke yake, kwa maana kasoro ya ukubwani huweza kushika jicho moja na kuliacha lingine.

Tunachotaka si kikubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ulioanzishwa mwaka 2007 hasa ili kanuni za nchi hizi zifanane. Uandike mwongozo mmoja wa kipimo cha rangi, wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kiingereza: kitabu kinasomwaje, mwanga gani, makosa mangapi, na aliyeshindwa anatumwa wapi, kwa kipimo kipi, kwa mpaka upi, kwa gharama gani, na jibu litatoka baada ya siku ngapi. Kipimo cha kompyuta si darubini ya kuangalia nyota. Ni kompyuta, kioo kilichosawazishwa na mtu aliyefundishwa. Nchi moja moja ikiona ni ghali, ziwe na kituo kimoja cha pamoja, kijana wa Kigoma na wa Kisumu wapande basi waende.

Mamlaka za Kenya na Tanzania zikague vile vitabu vilivyo mezani kwa madaktari waliowaidhinisha. Vimechapishwa lini? Vinakaa kabatini au dirishani? Taa ya chumba ni ya rangi gani? Mkaguzi anayehesabu mitungi ya kuzimia moto anaweza kufungua na hicho kitabu.

Vyuo vya urubani ndivyo vyenye dhamana nzito kuliko wote, kwa sababu ndivyo vinavyopokea fedha. Kanuni humtaka mwanafunzi awe na cheti cha afya kabla ya kuruka peke yake, na baadhi ya watu hutumia mwanya huo kumwacha alipe kwanza, apande na mwalimu, apate cheti cha daraja la pili, kisha miezi kadhaa na mamilioni mengi baadaye ndipo agundue kwamba la kwanza halipati. Chuo kinachojua kwamba mteja wake anataka kazi ya shirika la ndege kimpeleke kupimwa daraja la kwanza kabla ya shilingi ya kwanza ya karo. Mamlaka iliweke hilo kuwa sharti la kibali cha chuo, na cheti hicho kiambatishwe kwenye fomu ya kujiunga pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na kijana wetu aliyesoma tatu badala ya nane? Akiwa amepimwa siku hiyo ya kwanza, kiwanja cha baba kingali na mawe yake ya mpaka. Anapewa barua ya kwenda kwenye kipimo cha pili. Akipata vizio vitano upande wa kijani, arudi chuoni akalipe. Akipata ishirini, uhandisi wa ndege na upangaji wa safari bado uko wazi kuulizia masharti yake, na ana miaka 19.